Jengo Lililotazama Magharibi: Kisa cha Maabara za Kompyuta Tanga

Nilipoitwa, msingi ulikuwa umeshachimbwa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililotufunga mikono katika mengi yaliyofuata.

Chuo kimoja hapa Tanga kilikuwa kinajenga jengo la chini na juu la kufundishia na kufanyia utafiti wa kompyuta: maabara nne za wanafunzi, chumba cha watafiti, chumba kidogo cha seva na ofisi za walimu. Mimi ni mhandisi wa umeme wa majengo, mzaliwa wa Ngamiani. Niliombwa jambo moja tu, nipige hesabu ya paneli za sola zitakazotosha ili jengo lijitegemee kwa umeme mchana.

Ramani ilikuwa imesafiri. Iliwahi kutumika kwenye nyanda za juu, ikafanya vizuri huko, ikaletwa pwani bila kuguswa isipokuwa jina la eneo. Mbele kulikuwa na vioo virefu kutoka sakafuni hadi darini. Mbele ni barabarani, na barabara iko magharibi. Maabara zote nne zilikaa upande huo wa vioo ili mpita njia aone vijana wakisoma. Nyuma, upande wa mashariki, zilipangwa korido na stoo.

Aliyekulia pwani anaona kosa hapo kabla ya kutoa kikokotoo. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, Desemba hadi Machi. Kusi huvuma kutoka kusini mashariki, Aprili hadi Septemba hivi. Pepo zote mbili hupiga ubavu wa mashariki. Tulikuwa tumeipa stoo upepo wa mwaka mzima, na wanafunzi tukawapa jua la saa 10 jioni.

Nilimwambia mwenyekiti wa kamati ya ujenzi kwamba hesabu ya paneli bado.

"Mhandisi, sisi tumekuita wa sola," alisema.

"Ndiyo, Profesa. Lakini naomba kwanza tujue hiyo sola inakwenda kulisha nini."

Akanipa wiki mbili.

Hesabu ya chumba kimoja

Nilichukua maabara moja ya viti 40. Kitengo cha TEHAMA kilikuwa kimeshaandaa orodha ya manunuzi: kompyuta za mezani za kawaida, zile zenye kasha kubwa la kusimama. Maabara ya zamani ya chuo ilikuwa nazo za aina hiyohiyo, nikaomba kupima. Nilichomeka kipimo cha wati kwenye soketi, wanafunzi wakaendelea na kazi zao. Kompyuta pamoja na skrini yake ilikuwa inakula wati 120 hivi.

Watu wengi hufikiria wati hizo kama umeme wa kulipia tu. Ni zaidi ya hapo. Kila wati inayoingia kwenye kompyuta inatoka ikiwa joto ndani ya chumba hichohicho. Kompyuta haiinui mzigo wala haisukumi maji. Kazi yake yote huishia kwenye joto. Kwa hiyo kompyuta 40 ni jiko la wati 4,800 lililowashwa katikati ya darasa. Binadamu aliyekaa hutoa wati 100 hivi, kwa hiyo wanafunzi 40 na mwalimu wao ni wati 4,000 na kidogo. Taa za LED ni 300. Kisha kikaja kioo. Mita moja ya mraba ya kioo kitupu kinachotazamana na jua la jioni hupitisha wati 500 hivi, na kila maabara ilikuwa na mita 12 za mraba za kioo. Hizo ni wati 6,000.

Jumla ni wati 15,100 za joto katika chumba kimoja. Kiyoyozi cha BTU 12,000 huondoa wati 3,500. Chumba kilihitaji viyoyozi vitano, na cha sita kwa ajili ya unyevu, maana hewa ya Tanga haiingii ndani bila kubeba maji yake. Kiyoyozi kizuri hutumia wati moja ya umeme kuondoa tatu za joto, kwa hiyo kupoza peke yake ni wati 5,000. Ongeza kompyuta na taa, chumba kinakula wati 10,100.

Kwa paneli za wati 550, hizo ni paneli 19 kwa chumba kimoja, tena jua likiwa kali na bila upotevu wowote. Vyumba vinne ni paneli 76. Paa halikutosha, na fedha ndiyo kabisa.

Tena hesabu ya jumla inaficha jambo baya zaidi. Paneli hutoa umeme mwingi adhuhuri. Vioo vya magharibi huingiza joto kali zaidi saa 10 jioni, wakati paneli zimeshaanza kulegea. Jengo lingekuwa linadai umeme mwingi saa ileile ambayo sola yake inapungua. Ungeweza kuongeza betri, lakini hapo unanunua betri ili kupambana na dirisha.

Joto lisilo na mwenyewe

Nilipoipeleka karatasi hiyo niliomba watu wawili wawepo: msanifu wa majengo na mkuu wa TEHAMA. Walikuwa hawajawahi kukaa meza moja juu ya jengo hili. Msanifu alichora vyumba akijua ni "maabara ya watu 40", na hakuambiwa ndani kutakuwa na jiko la karibu kilowati tano. Mkuu wa TEHAMA alipanga manunuzi kwa kuangalia bei na kasi ya mashine. Viyoyozi vilikadiriwa kwa ukubwa wa sakafu, kama vile vyumba ni vya kulala wageni. Joto la kompyuta halikuwa kazi ya mtu yeyote kati yao, na sijui jengo la kompyuta linaweza kuwa la kudumu namna gani ikiwa joto la kompyuta halina mwenyewe.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji mwenye jengo kama hili asimame nami kidogo. Majengo ya vyuo yanaongezeka mikoani. Mradi wa HEET wa kuendeleza elimu ya juu peke yake, ulioanza 2021 kwa mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, umekuwa ukipeleka kampasi mikoa ambayo watoto wake walizoea kusafiri mbali kutafuta chuo kikuu. Jengo ninalolisimulia si la mradi huo. Nasema tu kwamba vijana wengi wataingia maabara mpya miaka hii, na mpangilio wa maswali kwenye meza ya kamati utaamua kama watasoma au watajipepea kwa madaftari.

Pendekezo langu la kwanza halikugusa ukuta hata mmoja. Niliomba wabadilishe mashine. Zipo kompyuta ndogo za ukubwa wa kitabu, zinafungwa nyuma ya skrini. Nilipima moja pamoja na skrini yake: wati 35.

Mkuu wa TEHAMA, dada mmoja makini sana, hakukubali haraka, na hoja zake zilikuwa za haki. Alisema kasha kubwa likiharibika fundi wa hapa Tanga analifungua, anabadilisha kipuri, kazi inaendelea. Hizi ndogo nyingi zimebanwa, ikifa sehemu moja unaweza kuipoteza yote. Akauliza pia kama zitabeba kazi nzito. La pili lilijibika: wanafunzi wa mwaka wa kwanza na wa pili wanajifunza kuandika programu, hifadhidata na mitandao, na kwa hayo mashine ndogo inatosha. Kazi nzito itakwenda kwenye seva kupitia mtandao. La kwanza halikujibika kikamilifu. Walikubaliana kununua mashine 44 kwa kila maabara badala ya 40, na kuchagua aina ambayo kumbukumbu na diski yake vinatoka kwa bisibisi.

Kwa badiliko hilo, wati 4,800 zikawa 1,400.

Kugeuza jengo lisilogeuka

Msanifu alilipokea suala la jua kwa uzito, bila kujitetea, na namheshimu kwa hilo. Tulianza na jinsi ambavyo jengo lingepaswa kukaa. Tanga iko nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta. Jua la adhuhuri linapita utosini mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na mapema Oktoba. Juni linaegemea kaskazini, likiwa nyuzi 61 na nusu juu ya upeo wa macho. Desemba linaegemea kusini, juu ya nyuzi 71. Kwa hiyo dirisha la urefu wa mita moja na nusu linalotazama kaskazini linakingwa na jua la adhuhuri kwa upenu wa sentimita 80 tu, na linalotazama kusini kwa sentimita 50. Kivuli cha mwaka mzima kwa gharama ya bati kidogo na mbao. Lakini jua la mashariki na magharibi liko chini, linaingia kwa ubavu, na hakuna upenu unaolifikia. Jengo letu refu lilikuwa limelala kaskazini hadi kusini, pande zake ndefu zikitazama hukohuko kubaya.

Mkandarasi alisema wazi kwamba kuligeuza ni kuanza upya. Hapo yule msimamizi wake wa mafundi, mzee aliyejenga nyumba nyingi Ngamiani na Makorora, aliyekuwa amekaa kimya muda wote, akauliza kwa nini korido isihamie mbele.

"Shikamoo mzee, hebu eleza," msanifu akasema.

"Marahaba. Nyumba zetu mbele kuna baraza. Jua linakaa barazani, halifiki chumbani. Nyie baraza mmeiweka uani."

Ndivyo ilivyokuwa. Kuhamishia korido magharibi na maabara mashariki kulihitaji mstari mmoja wa mashimo ya nguzo za ndani uchimbwe upya na ule wa zamani ujazwe kifusi. Vyoo vilivyokuwa ncha ya kaskazini havikuguswa. Korido ya mita 2.4 ikawa veranda ya wazi, na mahali pa kioo pakajengwa ukuta wa tofali za matundu. Jua la jioni sasa linaishia kwenye tofali, na joto lake linabebwa na hewa inayopita. Si ugunduzi. Anayeingia hospitali ya Bombo hapa Tanga akatazama Cliff Block, hospitali ya zamani ya Wajerumani, anaona veranda ndefu zilizojengwa na watu ambao hawakuwa na kiyoyozi hata kimoja. Na nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, yenye ukumbi unaokatiza katikati kutoka barazani hadi uani, inapitisha upepo kwa namna ambayo madirisha ya alumini ya kuteleza hayawezi. Hayo ya kuteleza yanafunguka nusu tu, ile nusu nyingine kioo kimesimama juu ya kioo. Tuliyaondoa. Upande wa mashariki yaliwekwa madirisha ya vibao yanayofunguka yote, na nje yake bapa za wima za zege kukata jua la asubuhi.

Lazima niseme pia kuhusu wazo tulilolikataa, kwa sababu lililetwa kwa nia njema na mjumbe aliyesoma sana. Alitaka jengo lipozwe kama Eastgate Centre la Harare, lililosanifiwa na Mick Pearce na kufunguliwa 1996, ambalo husifiwa kwa kupoa kwa mfano wa kichuguu cha mchwa. Zege nene hupitishiwa hewa baridi ya usiku, mchana linanyonya joto la watu na mashine. Ni jengo la kuheshimiwa. Lakini Harare iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na usiku wake una baridi ya kweli. Usiku wa Februari hapa Tanga joto linaganda kwenye nyuzi 24 hivi na hewa imelowa. Zege litapozwa na nini? Pwani dawa yetu ni kivuli na upepo, na zege nene bila baridi ya usiku linageuka ghala la joto.

Kilichouma ni mwenyekiti na vioo vyake. Aliwahi kuonyesha wafadhili picha ya jengo linalong'aa. Sikumlaumu. Chuo kinahitaji uso, na vijana wanastahili jengo linalowapa fahari. Msanifu alichora upya ukuta wa matundu kwa mpangilio wa mkeka wa ukili, akaupeleka yeye mwenyewe ofisini kwa mwenyekiti. Baada ya siku tatu tukapata saini.

Hesabu mpya ya chumba kilekile: mashine 1,400, watu 4,000, taa 300, jua la asubuhi linalopenya nikaliachia 1,000. Jumla wati 6,700 za joto, chini ya nusu ya mwanzo. Viyoyozi viwili, na cha tatu kwa unyevu. Umeme wote wati 3,900. Paneli 8 kwa chumba, 32 kwa maabara zote. Pangaboi sita za wati 30 kwa kila chumba ziliongeza 180 tu, lakini zilituruhusu kuweka kiyoyozi nyuzi 27 badala ya 24, kwa sababu hewa inayotembea humfanya mtu ahisi kupoa kwa nyuzi mbili au tatu zaidi. Juni hadi Septemba kusi likivuma, viyoyozi havihitajiki siku nyingi.

Faida nyingine sikuitarajia. Betri ya uniti 5 ingebeba maabara ya mwanzo, kompyuta na taa tu, kwa dakika 50 hivi umeme ukikatika. Maabara mpya inaibeba kwa zaidi ya saa mbili na nusu. Mtihani wa saa mbili unakwisha bila jenereta.

Kile chumba kidogo

Nilidhani tumemaliza. Kisha mtafiti mmoja kijana, anayefundisha mashine kutambua matamshi ya Kiswahili, akanionyesha mashine watakayoiweka kwenye chumba cha seva: kadi mbili za GPU, zile za kupiga hesabu nyingi kwa pamoja, kila moja wati 450, mashine nzima wati 1,200 ikifanya kazi. Anaiwasha usiku na mchana kwa wiki nzima.

Wati 1,200 kwa saa 24 ni karibu uniti 29 kwa siku. Kuipoza ni uniti 10 nyingine. Maabara mpya yenye wanafunzi 40, kwa saa 7 za vipindi, inakula 27. Mashine moja kwenye kona, isiyoonekana na mpita njia yeyote, ilikuwa inataka umeme kuliko darasa zima. Kilowati moja ya paneli hapa pwani hutoa takriban uniti 4 kwa siku. Mashine hiyo peke yake ilihitaji kilowati 10.

Singeweza kumwambia aache. Kazi yake ni ya maana kwetu sote tunaozungumza lugha hii. Nilimuuliza kazi ipi inaweza kusubiri. Akafikiri, akasema nyingi. Mafunzo ya mashine ya namna hiyo yanaweza kusimamishwa na kuhifadhiwa yalipofikia, yakaendelea kesho. Tukapanga foleni: kazi nzito zinaanza saa 3 asubuhi na kusimama saa 9 alasiri, paneli zikiwa kwenye nguvu zao. Usiku mashine inapumzika kwa wati 100 hivi. Uniti 39 zikashuka hadi 12, pamoja na kupoza. Tarehe za mwisho za kutuma makala zikikaribia, usiku unafunguliwa kwa idhini ya mkuu wa idara.

Chumba chenyewe kilihamishiwa ndani, kisiguswe na ukuta wa magharibi. Tulikikataza kugeuzwa jokofu. ASHRAE, chama cha wahandisi wa kupoza hewa chenye makao Marekani, kinapendekeza hewa inayoingia kwenye seva iwe nyuzi 18 hadi 27, lakini mazoea ya kwetu ni kuweka 18 na kuona fahari mtu akitetemeka. Tuliweka 26. Betri zilikuwa za lithiamu. Zile za risasi hupoteza nusu ya maisha yao kwa kila nyuzi 10 za joto juu ya 25, na ndiyo maana UPS nyingi za pwani, vile visanduku vya betri vinavyoshikilia kompyuta umeme ukikatika, hufa mapema.

Mengine nayapitia haraka. Maji ya mvua: milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, na Tanga hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, hivyo paa la mita 400 za mraba linatosha vyoo na kuosha paneli. Saruji inatengenezwa hapahapa Pongwe, kwa hiyo safari yake ni fupi, ingawa uzito wake kwa hali ya hewa ya dunia haupunguzwi na ufupi wa safari. Kuna aliyetaka matumbawe na boriti za mikoko kama nyumba za kale. Nilikataa kwa moyo wote: mikoko na matumbawe ndiyo yanayoshikilia fukwe zetu. Na chumvi, jamani, chumvi. Boliti zote za paneli ni chuma kisichoshika kutu, na mashine za nje za viyoyozi huoshwa kwa maji yasiyo na chumvi kila mwezi, la sivyo mapezi yake ya alumini yanageuka unga.

Masika ya kwanza yalituonyesha tulichokosea. Kusi lilileta mvua ya kulala, ikapita katikati ya bapa za zege, ikaingia kwenye vibao ambavyo mtu alisahau kuvifunga, ikalowesha safu ya kwanza ya meza katika maabara mbili za juu. Mashine tatu ziliharibika. Tulikuwa tumelikimbia jua la magharibi tukasahau kwamba upepo tulioukaribisha hubeba mvua. Safu hiyo imesogezwa mita moja ndani, soketi zake zimepandishwa kutoka sakafuni, na yule mzee wa mafundi amefunga vipenu vidogo vya bati kati ya bapa na bapa. Vya chini bado havijafungwa. Nimeahidi kurudi kabla ya vuli, nipime kama vinazuia upepo.